Muulize Shangazi: Masika yameingia na maji yako mlangoni

Wapenzi wasomaji, barua za mwezi huu karibu zote ni za mvua. Za ndoa na za mikopo nimeziweka kando kidogo, wenyewe mnisamehe, manake saa hii kuna mtu hapa Mombasa, huko Kisauni, anaamka saa nane za usiku anapapasa sakafu kwa mguu aone kama maji yashaingia, na huyo hawezi kungojea. Nimechagua zile ambazo naona zinawahusu wengi. Na kuna kitu ntakirudia mpaka mnichoke: mambo ya mafuriko yaamuliwe mchana, kukiwa kukavu, watu wakiwa na akili zao. Maji yakishaingia usiku hakuna anayeamua kitu, watu wanababaika tu.

*Salaam Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mtopanga kwenye nyumba ya udongo iliyopigwa plasta ya simiti, marehemu mama yangu ndo alituachia. Mvua ya juzi maji yalifika kwenye godoro. Sasa ukuta wa nyuma umepasuka, ufa umetoka dirishani mpaka chini, na plasta imevimba. Mume wangu ni baharia yuko safarini, ananiambia nikae nilinde vitu mpaka arudi kwa sababu tukitoka wezi wataingia. Nifanyeje?* Mama watatu, Mtopanga

Mwanangu, toka. Leo. Mengine tutayazungumza ukishakuwa na watoto kwa jamaa au kwa jirani mwenye nyumba ya mawe.

Nakwambia hivo kwa sababu nyumba ya fito na udongo ina tabia yake. Maji yakikaa chini ya ukuta, udongo unayanywa kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu, unakuwa mzito na hapohapo unakuwa laini, na ile plasta ya simiti tunayoipiga ili nyumba ipendeze ndo inayafungia maji ndani yasikauke. Kwa nje unaona ukuta umesimama vizuri kumbe ndani ni tope. Na si lazima uanguke mvua ikiwa inanyesha, waweza kuanguka kesho yake jua linawaka na watu washaanza kuanika magodoro. Plasta kuvimba maana yake ishaachana na udongo. Igonge kidogo kwa kidole, ikilia kama kuna uwazi ndani basi hapo hakuna kinachoshikilia.

Kama kuna ndugu mwingine anasoma hii na ufa wake bado mdogo, chukua penseli au kaa la mkaa, chora kistari pale ufa unapoishia na uandike tarehe pembeni. Kesho asubuhi angalia. Ukipita kistari, ama mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama, ujue nyumba inatembea, hapo si pa kulala mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa masika hauzibwi wakati wa masika, ukipiga simiti juu ya udongo ulioloa umejidanganya. Unahama, unangoja ukauke, kisha unamwita fundi.

Sasa hayo ya wezi. Najua si hofu ya bure, wanaingia kweli. Kwa hivo kabla hujatoka kusanya vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, karatasi za ploti ya mama, vyote tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, tia kwenye mfuko wa pili, funga tena, na huo uwe mkononi mwako. Vipige picha kwenye simu umtumie mumeo. Vitu vya thamani vinavyobebeka mpelekee jirani anayekaa palipoinuka. Zima stima kwenye swichi kubwa ukiwa umesimama pakavu, lakini kama maji yashafika miguuni usiguse swichi wala soketi yoyote, toka tu. Kisha mwambie mzee wa mtaa na wenzako wa nyumba kumi kwamba nyumba iko tupu, wajipange kupita pita. Ukikosa pa kwenda, Msalaba Mwekundu simu yao ni 1199 na hailipishwi.

Na wewe baharia, najua mkeo atakusomea hii. Wewe wajua vizuri kuliko mimi, chombo kikianza kuingia maji hakuna anayerudi chini kuhesabu shehena. Mnakumbuka Mai Mahiu, kule Bonde la Ufa, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji na matope yaliwazoa watu wakiwa wamelala. Ile masika peke yake iliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Mpigie mkeo sasa hivi umwambie atoke, manake akitoka bila neno lako atakaa huko roho juu, na akikaa kwa sababu ya neno lako, Mungu apishie mbali.

*Shangazi mambo. Mimi naendesha tuktuk upande wa Bamburi. Barabara ikijaa maji abiria wananilazimisha nipite, wanasema wenzako mbona wanapita. Nikikataa natukanwa. Wiki iliyopita ilizimika katikati nikaipiga stata mpaka betri ikaisha. Maji ya kiasi gani ni salama, na ikizimika nifanyeje?* Dereva, Bamburi

Kijana wangu, poa. Hao wanaokutukana hawatakusaidia kulipa mkopo wa hio tuktuk.

Sikiza hesabu. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30 yanaanza kusukuma gari dogo. Yakifika 60 yanabeba karibu gari lolote unalolijua. Hayo ni magari, na tuktuk ni nyepesi zaidi na ina magurudumu matatu, kwa hivo wewe usifike hata huko kwenye 30. Na yale yaliyotulia yana ubaya wake, hayakuonyeshi mtaro uko wapi wala ni shimo gani lililokosa kifuniko. Wewe unasema naijua hii barabara, sawa, unaijua ikiwa kavu, lakini maji ya usiku mmoja yanakata lami kwa chini na kuiacha juu kama ngozi. Kama huoni lami basi huna barabara.

Ikizimika majini usipige stata tena, hata mara moja. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, pistoni inapanda inakutana nayo, na kile chuma kinachoisukuma kinapinda au kinavunjika, basi kazi iliyokuwa ya plagi na oili inageuka kazi ya injini nzima. Isukumeni mpaka pakavu, chomoa betri, kisha fundi atoe plagi amwage maji na aangalie oili. Oili ikiwa imekuwa nyeupe nyeupe imechanganyika na maji, inamwagwa yote. Na bima yako kama ni ile ya kulipia watu wengine tu, tuktuk yako ikifa majini utaitengeneza kwa mfuko wako. Hio mwambie abiria mwenye haraka, umwambie kwa heshima, kisha umrudishie nauli yake ashuke.

*Assalam aleykum Shangazi. Binti yangu kaenda Marekani kusomea uuguzi, yuko jimbo la Oklahoma, huu mwaka wa pili. Tangu mwezi wa nne kila nikimpigia ni mara mvua, mara mafuriko, mara king'ora kimelia. Nikiangalia zile video za upepo unaobeba mapaa usingizi unaniruka. Anakaa ghorofa ya tatu na wenzake wawili. Nimwambie nini? Na je, hivo vitu vyaweza kufika huku kwetu?* Mama wa Kibokoni

Aleykum salaam dada yangu. Pole, mwana akiwa mbali mzazi halali, na hasa msimu kama huu wewe mwenyewe uko na mvua yako hapa halafu unabeba na ya kule.

La pili nalijibu kwanza. Zile tornado kubwa za kule, yaani huo upepo wa kuzunguka unaobeba mapaa, hapa kwetu hatuna. Kule wakati huu, kuanzia Machi mpaka Juni na Mei ndo kilele chenyewe, hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, inakutana na hewa kavu inayotoka magharibi na ya baridi inayoshuka kutoka kaskazini, na huko juu upepo unavuma kwa kasi na upande tofauti na wa chini, basi wingu zima linaanza kuzunguka. Marekani wanapata tornado kama 1,200 kwa mwaka kwa wastani. Sisi Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, hio hewa ya baridi haitufikii. Tunaona chamchela ikizungusha vumbi na karatasi uwanjani, basi. Vile vimbunga vikubwa vya baharini ni kitu kingine, vinahitaji mzunguko wa dunia uvisokote na karibu na ikweta huo msokoto ni dhaifu, ndo maana vingi vinapita kusini vikaelekea Madagascar na Msumbiji. Lakini kimbunga Hidaya mwezi wa Mei 2024 kilifika mpaka pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na huku kwetu tulitahadharishwa na upepo na mawimbi, kwa hivo Idara ya Hali ya Hewa ikisema wavuvi wasitoke, wasitoke.

Sasa binti. Kule wanatoa matangazo ya aina mbili na lazima azitofautishe. La kwanza linasema hali ya leo yaweza kuleta tornado. Akilipata hilo aendelee na shughuli zake ila simu iwe na chaji, viatu viwe karibu, na ajue atakimbilia wapi. La pili linasema tornado imeonekana kwa macho au kwa rada, na hapo ana dakika chache, kwa wastani hazizidi sana 10. Hapo hakuna kuchungulia dirishani wala kutoka nje kupiga video. Joplin, jimbo la Missouri, tarehe 22 Mei 2011 tornado iliua zaidi ya watu 150, na walipokuja kuchunguza wakakuta wengi walisikia king'ora wakangoja kwanza kupata uhakika kwa njia nyingine, wakatoka nje kutazama mbingu, wakawasha televisheni. Mwambie binti asingoje kuhakikisha.

Ghorofa ya tatu sipendi kukwambia lakini si mahali pa kukaa. Wiki hii, siku ya jua, ateremke yeye na wenzake wabishe hodi kwa mtu wa ghorofa ya chini kabisa wajitambulishe, waseme sisi ni wa juu, tukisikia king'ora tunaomba tuje kwenu. Watu wa kule wanalielewa hilo, hawatamshangaa. Au amwulize msimamizi wa jengo kama kuna chumba maalumu cha kujikinga, nyumba nyingi za Oklahoma hazina vyumba vya chini ya ardhi lakini wengine wamejenga vile vyumba vya zege na vya chuma. Wanakotaka kuwa ni chini kabisa, katikati ya jengo, kusiko na dirisha, bafuni au chini ya ngazi. Wajikunje, wafunike vichwa, kama kuna kofia za baiskeli wavae, godoro juu yao. Na viatu mguuni, hio watu wanaisahau halafu wanatoka wanakanyaga vioo na misumari.

Asikimbie na gari. Na asijifiche chini ya daraja la barabara, upepo unabanwa pale unakuwa mkali zaidi na unakuja na vyuma na mbao. Kuna siku moja ya kule naomba umsimulie vile ilivyokuwa. Tarehe 31 Mei 2013 tornado ilishuka El Reno, karibu na Oklahoma City, ikafika upana wa zaidi ya kilomita 4. Watu wakajazana barabarani na magari wakiikimbia, foleni ikafunga, na baadhi ya waliokufa walikufa ndani ya magari. Usiku huohuo mvua ilikuwa kubwa mno na kuna watu waliingia kwenye makaravati, ile mitaro inayopita chini ya barabara, kujikinga na upepo, maji yakawajia humo humo yakawazoa. Kwa hivo kule adui ni wawili kwa wakati mmoja, na mahali panapokukinga na mmoja paweza kukutia mikononi mwa mwingine. Kama anakaa bondeni karibu na mto ajue hilo mapema.

Lingine ni lako wewe, dada. Msimu huu sisi tuko mbele yao kwa saa 8. Tornado nyingi zinashuka kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku kwa saa zao, yaani kwako ni saa sita za usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ndo maana unaamka asubuhi unakuta habari imeshapita na moyo unakudunda. Kubalianeni kitu rahisi, siku yenye onyo akishatoka mafichoni akutumie neno moja tu, "salama". Ujumbe mdogo unapita hata mtandao ukiwa umelemewa, simu ya kuongea haipiti. Na wewe usimpigie king'ora kikilia, usimtoe kwenye kukimbia kwa sababu mamake anaita, anakupenda atapokea tu. Swali tahajudi yako umwombee, kisha angalia simu ukimaliza.

*Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa Tudor. Babu yangu alikuwa mvuvi, anasema mafuriko ya mjini yanafuata mwezi. Sisi tunamcheka. Kuna ukweli?* Mjukuu

Mwombeni babu radhi. Mwezi hauleti mvua, na yeye hakusema hivo, amesema mafuriko.

Mji huu mitaro yake mingi inamwaga baharini au kwenye mkono wa bahari kama huo wa hapo Tudor. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inajaa sana, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa inazidi mita 3. Sasa mvua kubwa ikianguka saa ile bahari imejaa, mdomo wa mtaro uko chini ya maji ya bahari, maji ya mvua yakifika pale hayana pa kwenda, yanarudi nyuma yanapanda mitaani, na mtasubiri mpaka bahari ianze kupwa. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6. Mvua hiohio ikinyesha siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, yaweza kupita bila mtu kuloa kiatu. Ongeza chupa za plastiki na mifuko ya taka iliyoziba mtaro na mchanga wa mijengo, basi ndo hayo mnayoyaona. Babu yuko na elimu ambayo wengi wanaopanga mitaro wangeihitaji, kaeni naye awafundishe kuhesabu siku za bamvua na mziandike kwenye kalenda ya nyumbani, mkisikia mvua kubwa imetabiriwa siku hizo mjue ni siku ya kupandisha vitu juu tangu mchana.

*Nauza viazi karai na sharbati ya ukwaju Changamwe. Maji yangu ni ya kisima cha ploti na tangu mafuriko yamekuwa na harufu kidogo lakini ni meupe. Wateja ni watoto wa shule. Nikinunua maji ya mkokoteni faida inaisha. Yanafaa?* Mama Sharbati

Dada yangu, hayafai, na nakuomba sharbati uisimamishe kwa siku hizi mpaka kisima chako kisafishwe. Viazi endelea navyo, vinakaangwa, ila ukwaju wako wa kuchovya nao usiwe na maji ya kisima.

Meupe si hoja. Ploti nyingi choo cha shimo na kisima viko jirani. Kiangazi kuna nafasi kati ya maji ya chini na uchafu wa shimo. Masika maji ya chini yanapanda yanakutana nao na kuubeba mpaka kisimani. Harufu unayoisikia ndo hio. Kipindupindu hakina rangi.

Maji ya kunywa, na ya sharbati siku utakapoirudisha, chuja kwa kitambaa safi, chemsha mpaka yatokote kabisa yarukeruke, uyaache yatokote dakika nzima, kisha yafunike kwenye chombo chenye bomba, si ndoo ya kuchota kwa kikombe. Kama makaa ni ghali tumia dawa ya klorini, soma kipimo kwenye chupa au pakiti yake, koroga, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Barafu nayo ni maji, uliza imetoka wapi. Na waone maafisa wa afya ya umma waje wakutilie dawa kisima, baada ya mafuriko hio ndo kazi yao.

Mtoto akianza kuharisha majimaji kama maji yaliyooshewa mchele, usingoje kesho. Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, unampa kidogo kidogo huku mnakimbia hospitali, na njiani unaendelea kumpa. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili na kinaweza kufanya hivo kwa saa chache tu, lakini mtu akiwahi kurudishiwa maji anapona.

*Shangazi, mvua ikipungua tu mtaa wetu wote tunashikwa na homa na viungo, hata kushika kikombe ni shida. Tukipima malaria hakuna. Ni nini?* Majengo

Hapa Mombasa tuna dengue na chikungunya, zote mbili za mbu, na mnaikumbuka ile chikungunya ya mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, watu walikuwa wakitembea wameinama kama wazee. Huyu si mbu wa malaria. Huyu anauma mchana, ana madoa meupe miguuni, na anapenda kuzaa kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo: pipa la bafuni, gurudumu la zamani, kifuu, sahani ya chini ya maua. Kila wiki mwageni na msugue kuta za vyombo, manake mayai yanabaki yameganda pale.

Malaria hata hivo endeleeni kupima. Homa mteremshe kwa Panadol na maji mengi, msitumie Brufen wala aspirini mpaka daktari aseme si dengue, dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na kuweni macho homa ikishashuka, si ndo kupona: tumbo likiuma sana, kutapika kusikokoma, ufizi au pua kutoka damu, mpelekeni hospitali saa hiohio.

*Mwanangu wa miaka 6 tangu maji yaingie nyumbani akiona wingu tu analia na kunishika nguo. Usiku amerudi kukojoa kitandani. Babake anasema namdekeza. Nifanye nini?* Mama wa Likoni

Humdekezi. Mtoto aliamshwa gizani akabebwa mgongoni kwenye maji, aliona mama yake ameogopa, kwake ule ndo mwisho wa dunia. Asicheke mtu na asichapwe kwa kukojoa.

Watoto wanatulia wakijua kitafanyika nini. Kwa hivo mpe kazi yake. Mwonyeshe ule mfuko wa karatasi na mwambie yeye ndo mwenye kubeba tochi. Tembeeni naye siku ya jua mpaka kwa huyo jamaa mtakayekwenda mvua ikizidi, aone njia, aone pa kulala, apewe chai kule. Mruhusu achore na kusimulia usiku ule hata kama anarudia jambo lilelile kila siku, na wewe usimwambie "nyamaza hakuna kitu" kwa sababu kilikuwepo. Mwambie maji yalikuja, tukatoka pamoja, yakija tena tutatoka pamoja. Kama baada ya wiki kadhaa bado halali wala hali vizuri, mpeleke kliniki na umwambie na mwalimu wake. Na babake nimsihi alale naye chumba kimoja siku za radi, nafikiri hata yeye atalala vizuri zaidi.

*Mvua yote hii na bado tunanunua maji kwa mtungi! Tukinge ya paa?* Mikindani

Kingeni. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hesabu yake ni hio tu. Paa la mabati la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 50 ikinyesha, inashusha lita 2,400. Hata zikimwagika nyingine mkabaki na robo tatu, ni lita 1,800, yaani mitungi 90 ya lita 20. Ya dakika za kwanza iacheni iende, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Baada ya hapo ingieni nayo kwenye tanki au mapipa, ya kufulia na kuogea haina shida, ya kunywa ichemsheni. Na kila chombo kifunikwe, penye uwazi pafungwe kitambaa cha chandarua, manake wale mbu wa Majengo hawachelewi kufika Mikindani.